Maisha ya Pannalal Ghosh, Mpiga Filimbi ya Mwanzi

Kila mwaka inapofika Diwali, na vilevile usiku wa Janmashtami, majirani zetu wa dini nyingine hutujia hekaluni, na tunawashukuru kwa hilo. Wakishavua viatu na kuketi, macho yao hutua juu ya murti ya Sri Krishna, na swali la kwanza ni lile lile: hicho anachokishika midomoni ni nini? Tunajibu kwamba ni filimbi. Hapo mara nyingi tunaona tabasamu, nasi tunaielewa sababu yake. Katika Kiswahili chetu filimbi ni ya mwamuzi uwanjani na ya askari wa barabarani pale njia panda, na aghalabu hupulizwa kumwambia mtu kwamba amekosea. Kumwona Mungu amekishika chombo hicho kwa vidole vya upole kunamshangaza mgeni.

Kwa hiyo, katika kitabu hiki cha kumbukumbu, ambacho kinasomwa na wanachama wetu wa Mbeya na Iringa pamoja na majirani zetu wema, tumeona vema tueleze maisha ya mtu mmoja aliyekikuta chombo hicho mikononi mwa wachungaji na watoto, akakipandisha hadi kwenye jukwaa la mabingwa. Jina lake ni Pannalal Ghosh. Alifariki mwaka 1960, na wengi wa vijana wetu hawamjui, ingawa wakisikia filimbi ya Kihindi redioni au katika bhajani wanasikia kazi ya mikono yake.

Alizaliwa Julai 1911 katika mji wa Barisal, Bengali ya Mashariki, nchi ambayo siku hizi ni Bangladesh na wakati ule ilikuwa chini ya Mwingereza. Jina lake la kwanza lilikuwa Amal Jyoti. Barisal ni nchi ya mito. Sisi tuliozoea milima, tukiamka na kumwona Loleza juu ya Mbeya au majabali yaliyouzunguka mji wa Iringa, hatuna budi kujikaza kidogo kuiwazia nchi tambarare kabisa, ambako mtu huenda sokoni kwa mtumbwi na ambako nyimbo za wenyeji ni za mabaharia wa mtoni, nyimbo ndefu zenye kuvutwa kwa sababu mto hauna haraka. Baba yake, Akshay Kumar Ghosh, alipiga sitari. Mama yake aliimba. Mdogo wake, Nikhil, alikuja kuwa bingwa wa tabla, naye pia ana jina kubwa katika historia ya muziki wa India. Ilikuwa nyumba ambayo mtoto hakuulizwa kama atapenda muziki.

Sitari ilikuwapo nyumbani, na mtoto alifundishwa sitari. Filimbi ilimjia kwa njia nyingine. Inasimuliwa kwamba alipokuwa bado mdogo aliokota mtoni kipande cha mwanzi kilichokuwa kikielea, nusu fimbo nusu filimbi, akakaa nacho. Inasimuliwa tena kwamba baadaye kidogo alikutana na mtawa mmoja msafiri, aliyekuwa amebeba kombe la kupulizia na filimbi; mtawa huyo akamtaka apige, akamsikiliza, kisha akamwachia filimbi yake na kumtabiria kwamba wokovu wake utapatikana katika muziki. Wasomaji wetu wanajua jinsi hadithi za utotoni mwa wakubwa zinavyoota mapambo. Sisi tunazipokea kama familia na wanafunzi wake walivyozipokea, bila kuzipima kwa mizani ya mahakama. Lililo hakika ni kwamba alipokuwa kijana filimbi ilikwisha kuwa chombo chake.

Ujana wenyewe haukuwa wa utulivu. Bengali ya miaka ya 1920 ilikuwa inachemka kwa harakati za kudai uhuru, na Pannalal, kama vijana wengi wa Barisal, aliingia humo. Polisi wakaanza kumfuatilia. Karibu mwaka 1926 aliuacha mji wa kwao akaenda Calcutta, mji mkubwa ambako mtu anaweza kupotea machoni pa watu. Huko alijiunga na chama cha mazoezi ya viungo, akajifunza ndondi, akawa bondia wa kutambulika. Tunalitaja jambo hili kwa sababu picha zake zinaonyesha mtu mwenye kifua kipana na mikono mikubwa, na kwa sababu baadaye, alipoanza kupuliza mwanzi ambao wengine waliona ni mrefu kupita kiasi, kifua kile na mikono ile vilimfaa. Chombo cha kupulizwa hakina huruma kwa mwenye pumzi fupi.

Wakati huo alikuwa amekwisha kuoa. Yeye na mkewe, Parul Biswas, waliozwa wakiwa watoto, kama ilivyokuwa desturi ya siku zile. Parul alikuwa mwimbaji hodari, na mwaka 1935 alikuwa miongoni mwa waimbaji wa mwanzo kabisa wa India kurekodi wimbo ambao waigizaji wa filamu waliufuatisha kwa midomo tu, desturi ambayo wapenzi wa filamu za Kihindi hapa kwetu wanaijua sana. Kaka yake Parul, Anil Biswas, aliyekimbia Barisal kwa sababu zile zile za siasa, alikuja kuwa mtunzi mashuhuri wa muziki wa filamu. Pannalal mwenyewe alipata riziki katika studio ya New Theatres, chini ya mtunzi Raichand Boral. Kazi ilikuwapo. Lakini filimbi katika kazi ile ilikuwa pambo: mpulizaji aliitwa pale mwandishi wa filamu alipotaka kuonyesha mapambazuko, kijiji, au ng'ombe wakirudi zizini, kisha akaketi pembeni kumsubiri mwimbaji amalize.

Hapa hatuna budi kutua na kueleza chombo chenyewe, kwa maana bila hivyo mtu hawezi kuyaelewa maisha haya.

Filimbi ya Kihindi inaitwa bansuri, jina lililoungwa kwa neno la mwanzi na neno la sauti. Ni kipande cha mwanzi kisicho na kitu ndani, kimezibwa upande mmoja, kina tundu la kupulizia na matundu sita ya vidole. Hakina ulimi, hakina vitufe, hakina waya. Hushikwa kwa kulala, mpulizaji akipeleka pumzi kukata ukingo wa tundu. Watu wa dunia nzima wamekivumbua chombo cha namna hii mara nyingi bila kuulizana. Waganda wana endere yao, Warundi na Wanyarwanda wana umwironge, Wadigo wa pwani ya Kenya wana chivoti, na wachungaji wa nchi nyingi za Afrika wametoboa mwanzi ili wapitishe mchana mrefu nyuma ya mifugo. Zumari ya Waswahili ni ya ukoo mwingine, kwa kuwa ina ulimi wa tete. Hiyo ndugu yake huko India ni shehnai, inayopigwa katika harusi. Kwa hiyo jirani yetu akiiona filimbi ya Krishna asidhani anaona kitu cha ugenini. Krishna aliipiga akiwa mchunga ng'ombe, na wachunga ng'ombe wa Usangu au wa Ugogo wasingehitaji kuelezwa inashikwaje.

Na hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Chombo cha mchungaji kilibaki cha mchungaji. Kusini mwa India, ni kweli, filimbi ilikwisha kupata heshima mapema kidogo kwa juhudi za Sharabha Shastri, kipofu wa Kumbakonam aliyefariki mwaka 1904. Lakini kaskazini, katika muziki mzito unaoitwa wa Kihindustani, mabingwa walikuwa ni wa kuimba, wa sitari, wa sarodi. Filimbi zilizopatikana zilikuwa fupi, zenye sauti ya juu na kali. Muziki ule humtaka msanii aanze chini, polepole, akiifunua raga, yaani ule utaratibu wa sauti na hisia uliowekewa saa yake na majira yake, kama mtu anayefungua mlango wa chumba chenye giza. Filimbi fupi haina chini. Inaweza kurukaruka, inaweza kuchekesha, lakini ukiitaka izungumze kwa sauti ya kifuani haiwezi. Tena sauti za raga hazikai kama ngazi za nyumba, moja baada ya nyingine. Zinateleza, moja ikimiminikia nyingine, kama mtu anavyolia au anavyobembeleza mtoto. Chombo kisichoweza kuteleza hakikuhesabiwa.

Pannalal aliamua kukirefusha. Akilisema mtu, jambo hili laonekana jepesi. Lakini kila mwanzi unaporefushwa, matundu nayo huachana, na tundu likiwa limewekwa mahali linapotakiwa na sauti, kidole hakilifikii. Wazungu walilikabili tatizo hili hili karne moja kabla yake: Theobald Boehm, fundi wa Munich, alilimaliza kwa kuweka vitufe na vijiti vya chuma vinavyoziba matundu kwa niaba ya vidole, na filimbi yake ya mwaka 1847 ndiyo mama wa zile za fedha zinazopigwa katika okestra hadi leo. Njia hiyo isingemfaa Pannalal. Kitufe huziba au hufungua, hakina katikati. Mteremko wa sauti ya Kihindi hupatikana kwa nyama ya kidole inayoondoka juu ya tundu taratibu, nywele kwa nywele, na kitufe cha chuma hakiwezi kufanya hivyo. Ilibidi vidole vyenyewe vijifunze kufika.

Akajaribu kwa miaka. Alijaribu mbao za namna mbalimbali, alijaribu mabomba ya madini, alijaribu hata plastiki, na mwisho akarudi kwenye mwanzi. Filimbi aliyoifikia ilikuwa na urefu wa inchi 32, yaani karibu sentimita 81. Mtu mzima akiishika, mkono wa mbali unanyooka karibu wote. Matundu hayazibwi tena kwa ncha za vidole. Huzibwa kwa tumbo la kidole, vidole vikiwa vimelala bapa. Akaongeza tundu la saba, upande wa chini, la kidole kidogo, ili apate sauti moja ambayo filimbi ya matundu sita ilishindwa kuishika vizuri kule chini. Kwa chombo hicho aliweza kuipiga Darbari, raga ya usiku wa manane inayosimuliwa kwamba ilitungwa na Tansen katika baraza la Mfalme Akbar, raga inayokaa chini na kutetemeka hapo hapo bila haraka. Kabla yake, mtu angesema atapiga Darbari kwa filimbi angechekwa.

Wenyeji wa Iringa huenda wakatuuliza kama mwanzi wetu ungemfaa. Tumewahi kuulizwa hivyo, na swali ni la haki, kwa kuwa hakuna watu wanaouheshimu mwanzi kama watu wa Iringa na Njombe. Lakini mwanzi wa ulanzi, ule unaokatwa ncha wakati wa masika ili utoe utomvu wake usiku kucha, una ukuta mnene, na sehemu ya chini huwa karibu haina uwazi kabisa. Mungu aliuumba kwa kazi nyingine. Mwanzi wa filimbi ndefu sharti uwe mwembamba wa ukuta, ulionyooka, na wenye pingili ndefu kiasi kwamba urefu wote wa matundu uingie baina ya fundo na fundo. Mafundi wa India huutafuta sana katika misitu ya kaskazini mashariki, huko Assam. Ukishakatwa huachwa ukauke sana. Kisha matundu hutobolewa kwa chuma kilichookwa motoni hadi kikawa chekundu, kwa sababu keekee huupasua. Mwisho huzungushiwa uzi mahali mahali, usije ukapasuka wakati wa ukavu. Fundi akikosea tundu moja kwa upana wa punje ya mchele, mwanzi wote hutupwa.

Tumekawia katika jambo la ufundi, na tunaomba radhi kwa wasomaji wasiopenda habari za inchi. Sasa turudi kwa mwenyewe.

Chombo kilikuwapo, lakini nani angemfundisha? Hapakuwa na ukoo wa wapiga bansuri ambao kijana angeweza kwenda kukaa miguuni pao. Katika muziki wa Kihindi elimu haipatikani kwa kitabu. Mwanafunzi humhudumia mwalimu wake kwa miaka, naye mwalimu humpa kidogo kidogo kile alichopewa na wake. Pannalal alilazimika kuwaendea walimu wa vyombo vingine na kutafsiri kwa pumzi walichomfundisha kwa vitu vingine. Mwalimu wake wa kwanza mkubwa, katika miaka ya 1930, alikuwa Ustadh Khushi Mohammed Khan, bingwa wa hamoniamu, kile kinanda kidogo kinachovukutwa kwa mkono mmoja na kupigwa kwa mwingine, ambacho hata sisi hapa hekaluni hatuwezi kuimba bila hicho. Tunaona ajabu kidogo hapo, kwa kuwa hamoniamu ni chombo kisichoteleza hata kidogo. Mwalimu alimpa elimu ya raga; kuteleza alikutafuta mwenyewe, kwa kuwasikiliza waimbaji. Baada ya kifo cha Khan alikwenda kwa Girija Shankar Chakravarty, aliyekuwa mwimbaji.

Mwaka 1938 alisafiri Ulaya pamoja na kundi la ngoma za vinyago la utawala wa Seraikella, akiwa msimamizi wa muziki wake. Safari hiyo iliwafanya watu wa mbali waisikie filimbi ya Kihindi, ila vita vilikuwa vinanukia, na kundi lilirudi nyumbani.

Mwaka 1940 alihamia Bombay. Huko kulikuwa na fedha za filamu, naye alikuwa na familia. Akatunga muziki wa Sneh Bandhan mwaka huo huo, na mwaka 1942 jina lake likawekwa kwenye Basant, filamu iliyopendwa mno, ambamo alionekana mtoto mmoja ambaye ulimwengu ulikuja kumjua kwa jina la Madhubala. Parul aliimba humo. Wapo wanaosema kazi ya filimbi katika filamu ilimpunguzia Pannalal muda wa muziki mzito, na hatuwezi kulikataa jambo hilo moja kwa moja. Lakini haki lazima itendeke: filamu ndizo zilizoipeleka sauti ya mwanzi mahali ambapo hakuna bingwa wa Kihindustani angefika kwa miguu. Babu zetu wenye maduka katika miji ya Tanganyika hawakuwa na mahali pa kwenda kuisikia Darbari ikipigwa usiku wa manane. Walikuwa na sinema na sahani za santuri. Katika Basant Bahar ya mwaka 1956, filimbi inayojibizana na sauti ya mwimbaji ni ya Pannalal mwenyewe, na wazee wetu wanaoikumbuka nyimbo hiyo wamemsikia bila kumjua.

Tunafika sasa kwenye jambo ambalo sisi tunalihesabu kuwa kubwa kuliko mwanzi wa inchi 32.

Mwaka 1947 Pannalal alikuwa na miaka 36. Jina lake lilikuwa limevuma, filimbi yake ilitambuliwa na kila mtu, na wapo vijana waliokuwa wakitaka kuwa wanafunzi wake. Mwaka huo akamwomba Ustadh Allauddin Khan wa Maihar amkubali awe mwanafunzi. Allauddin Khan alikuwa bingwa wa sarodi, mwalimu wa Ravi Shankar na wa Ali Akbar Khan, mtu mwenye sifa ya ukali usio na mfano. Kwake hapakuwa na staha kwa umaarufu. Mwanafunzi aliyekosea alikosea, awe nani. Pannalal alikwenda Maihar, mji mdogo wa ndani kabisa, akaiacha Bombay na studio zake, akakaa huko miezi sita akianza upya kama mtoto wa shule.

Mtu aweza kuuliza alikosa nini. Twaamini kwamba alikosa ukoo. Alikuwa amejenga nyumba bila msingi wa mababu, na alijua kwamba ikiwa filimbi itasimama baada yake, sharti iwe na mahali pa kusema imetoka. Allauddin Khan alimpa hicho. Tangu hapo mpiga bansuri aliweza kuitaja silisila yake mbele ya mpiga sitari bila kuinamisha kichwa.

Tena tuutazame vizuri mwaka wenyewe. Mwaka 1947 ndio mwaka India ilipogawanywa. Barisal alikozaliwa Pannalal ilikuwa inakwenda upande wa Pakistani ya Mashariki, na wilaya alikozaliwa Allauddin Khan, Mwislamu wa Bengali, ilikwenda upande huo huo. Mamilioni ya watu walihama, na wengi mno waliuawa na watu waliokuwa majirani zao. Katika mwaka huo wa damu, Mhindu wa Barisal aliketi sakafuni mbele ya Mwislamu wa Bengali akapokea elimu. Na Allauddin Khan huyo, aliyeswali swala zake, alimheshimu pia Mama Sharda, ambaye hekalu lake liko juu ya kilima cha Maihar, na watu wa mji ule walizoea kumwona akipanda ngazi zake. Khushi Mohammed Khan naye alikuwa Mwislamu. Filimbi ya Krishna, tunayoiona mkononi mwa murti yetu, ilipata heshima yake kaskazini mwa India kwa mikono ya walimu hao. Katika miji yetu hii, ambako adhana, kengele za kanisa na kengele ya arati husikika asubuhi moja, tumeona habari hii isiachwe.

Pannalal mwenyewe alikuwa mtu wa dini ya ndani. Alifuata mafundisho ya Sri Ramakrishna, na wanaomkumbuka humsimulia kama mtu wa kutafakari na kurudia jina la Mungu, asiyependa makelele. Hakuwa na kiburi cha mabingwa. Alitunga raga mpya pia, kama vile Deepawali, Chandramauli na Nupurdhwani, jambo ambalo si la mchezo: raga mpya ikiwa dhaifu hufa na mwenyewe, na hizi zingali zinapigwa.

Mwaka 1956 aliitwa Delhi kuongoza okestra ya taifa ya All India Radio, nafasi iliyokuwa imeshikwa na Ravi Shankar. Hilo lilikuwa jukumu gumu, kwa kuwa muziki wa Kihindi ni wa mtu mmoja anayebuni papo hapo, na okestra ni ya watu wengi wanaofuata kilichopangwa. Mojawapo ya kazi zake, Kalinga Vijay, inasimulia vita vya Mfalme Ashoka dhidi ya Kalinga na majuto yaliyomshika mfalme alipoona maiti za watu aliowashinda. Radio hiyo ndiyo iliyokuwa ikitangaza pia kwa Kigujarati na Kiswahili kwa ajili ya Afrika Mashariki, kwa masafa mafupi yenye mikwaruzo, na wapo wazee wetu waliokuwa wakiizungusha sindano ya redio jioni wakiitafuta.

Hakukaa Delhi muda mrefu. Tarehe 20 Aprili 1960 moyo ulimshinda, akafariki ghafla, hata miaka 49 hajaitimiza. Tanganyika ilikuwa bado haijapata uhuru wake.

Aliacha rekodi chache za santuri, fupi kwa kuwa sahani za wakati ule hazikuchukua zaidi ya dakika tatu na ushei kila upande, na nyingine ndefu kidogo zilizohifadhiwa redioni. Mtu aliyezoea raga ya saa nzima ataona uchungu kuisikia Yaman ikikatwa pale ilipoanza kupumua. Aliacha wanafunzi, akiwamo Devendra Murdeshwar, aliyekuwa pia mkwewe, na V. G. Karnad. Wafuasi wa silisila yake wangali wanapiga mwanzi wa matundu saba. Wengine, na ndio wengi, wamechukua urefu wake na kubaki na matundu sita, nao wana hoja zao. Juu ya urefu hakuna anayebishana tena. Ukienda leo duka la vyombo vya muziki huko Mumbai au Kolkata na kuomba bansuri ya kujifunzia raga, utapewa mwanzi mrefu, wenye sauti ya chini, uliozungushiwa uzi, na muuzaji hatakuambia nani aliyeubuni, kwa sababu kwake haujawahi kuwa wa namna nyingine.

Vijana wetu wa bhajani wana bansuri mbili. Ile fupi hupigwa watoto wanapocheza Janmashtami. Ile ndefu hutolewa usiku, baada ya arati, wageni wengi wakiwa wamekwisha kwenda. Majirani watakaopenda kuisikia wabaki kidogo, viti vipo.